Kaka anataka mkopo wa bilioni nne, baba anataka nikae kwenye kiti chake

Shikamoo Shangazi,

Nafanya kazi kwenye kampuni ya familia yetu hapa Singida. Tunakamua alizeti. Baba ndiye aliyeianzisha. Sasa ana miaka 78 na ni mwenyekiti wa bodi. Kaka yangu mkubwa ana miaka 51, na huu ni mwaka wake wa 17 akiwa mkurugenzi mtendaji. Mimi nina miaka 43, nilisomea uhasibu, ni mkuu wa fedha tangu 2014. Kwenye bodi tuko sisi watatu na mzee mmoja, rafiki wa baba wa ujanani, ambaye kusema kweli husaini kile baba anachosaini.

Kiwanda kinakamua tani 30 za mbegu kwa siku. Mbegu tunazofanikiwa kununua zinatosha siku 140 hivi kwa mwaka. Baada ya hapo mashine zinasimama, tunabaki kuuza mashudu na mafuta yaliyomo kwenye matangi. Katika kila tani 100 za mbegu tunapata tani 32 za mafuta. Kaka anataka tukope shilingi bilioni 4.2 kwa miaka saba, riba asilimia 15, tujenge mtambo wa kusafishia mafuta wa tani 50 kwa siku. Mwaka jana faida kabla ya kodi ilikuwa milioni 410. Dhamana ni kiwanda na nyumba ya baba. Nilipomuuliza mafuta ya kulisha mtambo wote huo yatatoka wapi, alinijibu, “Mtambo ukisimama, wenye mashine ndogo watayaleta wenyewe.”

Si mtu mbaya, Shangazi. Mwaka 2012 alinunua mashine ya pili ya kukamulia wakati sote tulipinga, na ndani ya misimu miwili ilikuwa imejilipa. Tangu hapo kila nikileta hesabu ananiambia, “Hata ule mwaka mlisema hivi hivi.”

Waliokuwa wakimbishia hawapo tena. Meneja wa uzalishaji aliondoka 2019, afisa ununuzi akafuata. Waliobaki ni vijana aliowakuza yeye. Vikao vya menejimenti vimekufa. Mambo yanaamuliwa kwenye gari akiwa njiani kwenda Iramba au Dodoma, mimi naambiwa kwa simu nitafute pesa. Kuna mtu alitaka kuweka mtaji kwa robo ya hisa, kaka akamkatalia kabla chai haijapoa. Mwaka jana akaweka sura yake kwenye lebo za madumu. Kwenye kozi ya jioni niliyosoma tulifundishwa kwamba kuna watafiti walipima ukubwa wa picha ya bosi kwenye taarifa ya mwaka ili kujua anavyojipenda. Nilirudi ofisini nikazipanga mezani kalenda zetu za kuanzia 2016 nikalinganisha picha zake. Nilijisikia vibaya, lakini nilizipanga.

Mwezi uliopita baba aliniita nyumbani kwake jioni, tukiwa wawili tu. Anataka nichukue nafasi ya kaka, na anataka jibu kabla ya kikao cha bodi cha kuamua mkopo, wiki sita kutoka sasa. Akanikataza nisimwambie kaka wala mama. Tangu siku hiyo nikikaa na kaka kula chakula cha mchana nashindwa kumwangalia.

Jambo moja zaidi, sijui kama lina maana. Nikiwa darasa la sita benki ilikamata lori la baba likapigwa mnada. Kaka ndiye aliyekuwa akiliendesha. Alirudi nyumbani kwa miguu amebeba turubai na jeki, vitu pekee walivyomruhusu kuchukua. Hatujawahi kulizungumzia.

Nikikubali kiti nimemsaliti kaka. Nikikataa, nyumba ya baba inaingia kwenye dhamana. Je, kweli tabia ya mtu mmoja inaweza kuizamisha kampuni? Na mimi nifanye nini?

Mkamua Alizeti, Singida

*

Marahaba, mwanangu.

Umebeba mzigo ambao haukupaswa kubebwa na mtu mmoja, tena kimya kimya. Nikikusikia vizuri, mna mtambo ambao hesabu zake zinakutisha, mna kaka ambaye mafanikio yake ya zamani yamekuwa jibu la kila swali, na mna mzazi aliyekupa siri ya kumhusu mtoto wake mwingine. Mambo haya matatu yamekaa kwenye gunia moja kiasi kwamba ukigusa moja, yote yanatikisika. Ninakuomba tuyatoe moja moja.

Swali lako la tabia ya bosi limechunguzwa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1984 watafiti Donald Hambrick na Phyllis Mason waliandika kwamba kampuni huishia kufanana na watu walioko juu yake. Hakuna bosi anayeliona soko zima. Anaona kile ambacho umri wake, shule yake na kazi alizopitia zimemzoesha kukiona, kisha anaamua kwa hicho. Aliyekulia kwenye mauzo huona wateja wapya na upanuzi. Aliyekulia kwenye hesabu au uzalishaji huona gharama, upotevu na hatari. Kaka yako yumo humo, na wewe umo pia. Nalisema hili mapema kwa sababu barua yako yote inapima tabia ya mtu mmoja, ilhali baba anachagua kati ya watu wawili.

Tuanze na zile kalenda. Utafiti ule ni wa kweli: Arijit Chatterjee na Hambrick, 2007, kuhusu wakuu 111 wa kampuni za kompyuta. Mbali na picha, walihesabu pia jina la bosi linavyojitokeza kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, mara anazosema “mimi” kwenye mahojiano, na jinsi malipo yake yanavyompita anayemfuata. Ni vipimo vilivyojumlishwa kwa watu wengi. Ukimchukua mtu mmoja na kalenda yake, havikuambii mengi. Na wewe unajua zaidi yangu jinsi mnunuzi wa dumu kando ya barabara anavyoogopa mafuta yaliyochanganywa. Sura ya mtu anayefahamika kwenye lebo inaweza kuwa majivuno, inaweza pia kuwa ahadi kwa mteja. Ulishamuuliza kwa nini aliiweka?

Ila kuna tokeo la utafiti huo ambalo lingekusaidia kuliko picha. Kampuni za mabosi wenye kujipenda sana hazikufanya vibaya kuliko nyingine kwa wastani. Zilichokuwa nacho ni kupanda na kuporomoka kukubwa: mikakati iliyobadilika-badilika, ununuzi mkubwa wa kampuni nyingine, miaka mizuri mno ikifuatwa na mibaya mno. Kampuni isiyo na deni inaweza kuishi hivyo. Benki yenyewe haipokei wastani wa miaka saba. Inadai rejesho la kila kipindi kwa tarehe yake. Kwa hiyo badala ya kujiuliza kama kaka anajipenda, jiulize kama kampuni yenu, ikiwa na deni hili, inaweza kuvumilia msimu mmoja mbovu.

Hapo hesabu unazo, tuzimalizie. Tani 30 kwa siku 140 ni tani 4,200 za mbegu, yaani karibu tani 1,344 za mafuta. Mtambo wa tani 50 utayamaliza kwa siku 27. Upande wa deni, riba ya mwaka wa kwanza ni milioni 630, na mkopo wenyewe ukigawanywa sawa kwa miaka saba ni milioni 600 kwa mwaka. Jumla milioni 1,230. Tuseme, kwa mfano tu, kila tani iliyosafishwa inawaachia shilingi 200,000 baada ya kemikali, kuni au mafuta ya boila, umeme na vibarua. Mtahitaji tani 6,150 ili mtambo ujilipie deni lake mwaka ule, sawa na siku 123 za kufanya kazi kwa uwezo wote. Tani 4,800 hivi lazima zitoke kwa wengine. Weka faida yenu halisi kwa tani mahali pa hiyo 200,000 uone namba inakwenda wapi.

Usiishie hapo. Faida ya milioni 410 si fedha taslimu: rudisha uchakavu wa mashine, ambao hukatwa vitabuni bila fedha kutoka, kisha toa mtaji wa kununulia mbegu wakati wa mavuno. Hapa ndipo viwanda vingi vya alizeti hukwama. Mbegu inabidi inunuliwe kati ya Mei na Agosti ikiwa bei iko chini, fedha inalala ghalani miezi kadhaa, na rejesho la benki linadai fedha ile ile. Mtambo unasimama kwa kukosa mafuta ghafi, mafuta ghafi yanakosekana kwa kuwa fedha ya mbegu imelipa mtambo. Kisha kuna ushuru. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje hadi asilimia 25 na ya yaliyosafishwa hadi asilimia 35, na kila Juni bajeti inaweza kuugusa upya. Mradi unaopata faida kwa kiwango kimoja cha ushuru tu unahitaji kupimwa pia kwa kiwango cha chini yake.

Lakini mtendee kaka yako haki. Kiwanda kinachosimama zaidi ya nusu mwaka nacho kina ugonjwa, na yeye ndiye aliyeuona. Mafuta yasiyosafishwa yana wateja wachache madukani na bei yake hushuka msimu unapofurika. Huenda anachokiona ni sahihi na kipimo alichochagua ndicho kikubwa mno. Mtambo wa tani 15 ungekula mafuta yenu wenyewe kwa siku 90. Je, mmewahi kuomba bei ya huo? Je, mmewahi kupeleka tani 100 kwenye kiwanda cha mwingine zikasafishwe kwa malipo, mkaziuza kwa lebo yenu msimu mmoja, mkaona soko linalipa kiasi gani?

Kuhusu kujiamini kwake, Ulrike Malmendier na Geoffrey Tate walionyesha mwaka 2005 kwamba wakuu wanaojiamini kupita kiasi huwekeza mno fedha ya ndani inapokuwa nyingi. Kazi yao ya baadaye pamoja na Jon Yan, 2011, ikaonyesha kwamba watu hao wakihitaji fedha ya nje huona afadhali deni kuliko kuuza hisa, kwa sababu wanaamini kampuni yao ina thamani kubwa kuliko bei wanayopewa. Unaweza kumwona kaka yako na yule mbia wa robo. Lakini utafiti huo huo wa 2011 una upande wako pia: wakuu waliokulia kwenye mdororo mkuu wa uchumi wa Marekani wa miaka ya 1930 waliogopa madeni na kutegemea fedha za ndani, hata miongo mingi baadaye.

Na sasa nafika kwenye lori. Umeandika hujui kama lina maana. Mimi nadhani lina maana kubwa. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka 12 au 13 ukimwona kaka yako anaingia uani na turubai. Ulijifunza kwamba benki inachukua. Yeye alikuwa kijana wa miaka 20 aliyenyang'anywa usukani, na pengine alijifunza kwamba mwenye lori moja ndiye anayenyang'anywa, kwa hiyo lazima uwe mkubwa. Siwezi kujua. Ninachokiona ni watu wawili waliotoka kwenye siku ile moja na masomo mawili, na sasa masomo hayo yanabishana kwenye bodi yakijiita hesabu na ujasiri.

Kuna la miaka yake 17. Hambrick na Gregory Fukutomi walieleza mwaka 1991 kwamba bosi hupita vipindi: mwanzoni anajaribu na kusikiliza, baadaye anachagua mtazamo wake, kisha anaushika. Kadiri miaka inavyokwenda vyanzo vyake vya habari hupungua na wanaomzunguka humchujia. Vile vikao vilivyokufa na vijana aliowakuza mwenyewe vinafanana sana na hali hiyo. Ningeuhofia ukimya huo kuliko kalenda. Na wewe, mwanangu, tangu 2014 umempelekea hesabu zako kwa njia gani? Zimeandikwa na kuingia kwenye kumbukumbu za bodi, au umezisema kwa simu, akakujibu 2012, ukanyamaza?

Tabia ya mtu wa miaka 51 hamtaibadilisha kwa wiki sita. Ila Hambrick na Sydney Finkelstein walieleza mwaka 1987 kwamba tabia ya bosi huitawala kampuni kwa kadiri ya nafasi aliyoachiwa. Kampuni yenu imemwachia nafasi yote. Nafasi hiyo inaweza kupunguzwa bila kumwondoa. Bodi inaweza kuweka kiwango cha fedha ambacho kupita hapo hakuna saini ya mtu mmoja. Inaweza kuongeza wajumbe wawili wasio wa ukoo, mmoja anayejua usafishaji mafuta na mwingine aliyefanya kazi ya mikopo benki. Inaweza kuomba mkopo utolewe kwa awamu, kila awamu ifungwe na tani za mafuta ghafi zilizokwisha kupatikana kwa mkataba wa maandishi. Inaweza kuzungumza na benki nyumba ya baba itoke kwenye dhamana na kiwango cha mkopo kishuke kulingana na hapo. Hatari yake ni kwamba uzio uliowekwa na baba huvunjwa na baba: kaka akimlilia mzee jioni, azimio la asubuhi halipo. Na kaka anaweza kuuona kama kufungwa mikono.

Ukikubali kiti, utapata uwezo wa kusimamisha mkopo siku hiyo hiyo. Lakini jiulize nani anawajua wenye mashine ndogo wa Iramba kwa majina, na mawakala wa mbegu wanamkopesha nani kwa neno la mdomo. Ikiwa jibu ni kaka yako, akiondoka na kinyongo mavuno ya kwanza chini yako yanaweza kuwa ya siku 80 badala ya 140. Tena utakuja na jicho lako. Mkuu wa fedha anayekuwa bosi mara nyingi hukaza gharama vizuri, na miaka inapita akisubiri uhakika ambao kilimo hakitoi. Nani angekuwa wa kukubishia wewe?

Kuna njia ya kumleta mtu wa nje. Utafiti wa Morten Bennedsen na wenzake huko Denmark, 2007, ulikuta kwamba kampuni zilipomrithisha mwanafamilia faida yake ikipimwa kwa mali ilishuka kwa angalau pointi nne za asilimia kulinganisha na zilizochukua mtaalamu. Ni hoja nzito. Hata hivyo mgeni naye anakuja na miwani yake. Ron Johnson, aliyejenga maduka ya Apple, aliingia kuongoza J. C. Penney, maduka makubwa ya Marekani, Novemba 2011, akafuta kuponi na punguzo za mara kwa mara karibu kote kwa mpigo bila kujaribu kwanza kwenye maduka machache. Mauzo ya 2012 yakaanguka kwa takriban robo, na Aprili 2013 akaondoka. Alikuwa hodari, wateja wa duka lile walikuwa wengine. Mkichukua mtu kutoka kiwanda kikubwa cha Dar es Salaam, mwulizeni amewahi kununua mbegu gunia kwa gunia mahali gani.

Ipo pia njia ya kugawa kazi: kaka abaki na ununuzi, wakulima na mauzo, ambako jicho lake ni dhahabu, na uwekezaji uamuliwe na mtu mwingine au kamati. Inaweza kufanya kazi ikiwa yeye mwenyewe ameshiriki kuichora. Akiletewa imeshachapwa, ataisoma kama barua ya kumfukuza.

Nirudi kwa baba. Amekuomba ufanye jambo ambalo mwenyekiti ndiye mwenye wajibu wa kulifanya: kumwambia mkurugenzi wake kwamba ana wasiwasi naye. Inawezekana anaumia kumwambia mwanawe. Inawezekana anakumbuka lori kuliko ninyi nyote. Unaweza kumrudia kwa heshima na kumwambia, “Baba, nimekusikia, na sijakataa. Lakini siwezi kukujibu wakati kaka hajui. Naomba umwambie wewe, nami nikiwepo ukipenda.” Hujavunja siri kwa kusema hivyo, na unaweza kuendelea kula na kaka yako. Kama baba atagoma, utakuwa umejua jinsi atakavyokulinda siku utakapokuwa wewe kwenye kile kiti.

Kabla ya kikao, andika kurasa mbili zisizozidi: siku 27, siku 123, mbegu zilinunuliwa ngapi kila mwezi kwa misimu mitatu iliyopita, na fedha taslimu mwezi mgumu kuliko yote. Ongeza ukurasa wa tatu wenye hoja za kaka, zilizoandikwa vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe angezisaini. Mpelekee kwanza, siku tano kabla ya wengine. Mwombe ajibu swali moja kwa maandishi: ikifika mwaka wa tatu mtambo umeshindwa, ni nini kilichouangusha? Mtu anayejiamini hulijibu swali hilo kwa urahisi kuliko “una uhakika?”

Na mkiwa wawili, pengine kwenye lile gari analofanyia maamuzi, muulize siku ile alitembea na lile turubai kutoka wapi hadi nyumbani.

Shangazi